Nakala na Amana

Kiswahili kina maneno mawili kwa tendo ambalo lugha nyingine huweza kulitaja kwa neno moja. Mtu akichukua jembe la jirani yake akalimie, ameliazima. Jioni hulirudisha jembe lile lile, wala si jingine linalofanana nalo. Mtu akichukua kibaba cha unga, amekopa. Unga ule huliwa ukaisha, na siku ya kulipa hurudishwa unga mwingine wa kipimo kile kile. Ni kweli kuwa katika mazungumzo ya haraka watu huyachanganya maneno haya, wakasema wameazima chumvi, na hapana awatozaye faini kwa hilo. Walakini tofauti ipo, nayo ni tofauti ya maadili kabla ya kuwa tofauti ya msamiati. Aliyekopesha unga hana tena neno na unga ule. Ana deni tu la kungojea. Aliyeazimisha jembe angali na jembe lake, ijapokuwa limo katika mkono wa mwingine, na muda wote huo watu wawili wamefungamana kwa kitu kimoja. Sheria za Warumi wa kale zilitenga mambo haya kwa majina ya commodatum na mutuum. Sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani iliyatenga kwa majina ya ariya na karadha, kisha ikaongeza la tatu, wadia, yaani amana: kitu kilichowekwa kwa mtu apate kukitunza, si kukitumia.

Mambo haya ya kale yamezuka upya mahali ambapo haikutazamiwa kuwa falsafa ya maadili ingekuwa na kazi. Mahali penyewe ni ndani ya kompyuta, katika ufundi wa kupeleka data mtandaoni bila ya kuinakili. Wahandisi huujadili ufundi huo kama jambo la kasi, na hakika ni jambo la kasi. Lakini chini ya kasi hiyo pana swali ambalo mzee yeyote wa Singida mwenye zizi angelitambua mara moja. Mtu anapomkabidhi mwingine mali yenyewe badala ya mfano wake, ni nani afungwaye, na kwa lipi, mpaka mali ile irudi? Tena, je, yajuzu kumfunga mtu kwa dhima ambayo hakuambiwa kuwa ameichukua?

Yafaa kwanza ufundi wenyewe uelezwe, kwa kuwa msomaji wa fasihi hana wajibu wa kuujua. Kompyuta moja huendesha programu nyingi kwa wakati mmoja, na juu ya zote huwapo mfumo endeshi, ambao sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kiini peke yake ndicho chenye idhini ya kugusa vyombo: diski, kadi ya mtandao, saa. Programu haiwezi kupeleka neno lolote nje ila kwa kukiomba kiini. Kati ya programu na kiini pana mpaka, na kwa desturi ya zamani kila kinachouvuka mpaka huo hunakiliwa. Programu huwa na maneno yake katika kurasa za kumbukumbu yake, hukiita kiini, kiini huyasoma maneno yale na kuyaandika upya katika kumbukumbu yake chenyewe, kisha huiambia programu iendelee na shughuli zake. Hapo programu iko huru. Yaweza kuyafuta maneno yale, kuyageuza, hata kufa. Kiini kina nakala yake, na kadi ya mtandao itachota kutoka katika nakala hiyo.

Uhuru huo una bei. Seva inayopeleka faili kwa njia ya kawaida huihamisha data ile ile mara 4: kutoka diski kuingia katika akiba ya kiini, kutoka akiba hiyo kuingia katika programu, kutoka programu kurudi kwa kiini, na kutoka kiini kwenda katika kadi. Mara mbili za katikati hufanywa na prosesa yenyewe, kama karani anayenakili daftari ambalo amemaliza kulinakili dakika moja iliyopita. Kwa barua chache si kitu. Kwa seva za siku hizi ni mzigo mkubwa. Mwaka 2021 wahandisi wa Netflix walieleza hadharani jinsi seva moja yenye mfumo wa FreeBSD ilivyoweza kupeleka gigabiti 400 kwa sekunde, yaani gigabaiti 50. Katika kasi hiyo kila nakala moja ya ziada ingedai kumbukumbu isomwe gigabaiti 50 na kuandikwa gigabaiti 50 nyingine kila sekunde, na mtazamaji asipate picha iliyo bora zaidi kwa sababu yake.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 ilitafutwa njia ya kuacha kunakili. Wito uitwao sendfile, ulioingia katika Linux kwa toleo la 2.2 la mwaka 1999, uliiondoa programu katikati. Kiini huambiwa tu ni faili ipi na ni mtandao upi, kikamaliza chenyewe. Lakini wito huo wafaa kwa faili iliyokwisha kuwamo katika diski. Maneno ambayo programu imeyatunga yenyewe, yaliyo katika kurasa zake yenyewe, yanahitaji hatua iliyo kubwa zaidi: kiini kisinakili neno, bali kizishike kurasa zile zile za programu zisihamishwe, na kadi ichote humo humo. Kuanzia dakika hiyo ukurasa mmoja una wenyewe wawili, na jambo lililokuwa la kukopa limekuwa la kuazima.

Mkoa wa Singida hutajwa kwa mengi: kwa alizeti, kwa vitunguu, kwa maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, kwa upepo usiochoka. Siku hizi Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao wapita huko, lakini si nyuzi hizo zinazoufanya mkoa huo ufae kwa swali hili. Ni ng'ombe. Katika Unyaturu, kama katika Ugogo na Usukuma, mwenye ng'ombe wengi hakuwa na desturi ya kuwakusanya wote katika zizi moja. Baadhi yao aliwapeleka kwa jamaa au kwa rafiki, mahali pengine penye malisho mengine, wakakaa huko miaka. Aliyewapokea alikunywa maziwa yao, na samadi yao akaitia katika shamba la uwele na mtama. Harold Schneider, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1970, alionyesha jinsi samadi ilivyo tegemeo la kilimo cha huko. Kwa hiyo kupokea ng'ombe wa mtu si fadhila ya maziwa tu, ni chakula cha mwaka ujao. Mwenye mali naye alipata usalama. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja, mazizi mengine yalisalia. Sotoka iliyoteketeza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa mwalimu mkali wa somo hilo.

Sasa, ng'ombe hanakiliki. Mwenye zizi hawezi kumpa rafiki mfano wa ng'ombe, akabaki na asili yake kwake. Kwa hiyo ilipasa pawe na mapatano, na mapatano hayo yaliwafunga wote wawili. Aliyepokea hana ruhusa ya kuuza wala ya kuchinja. Ndama wazaliwao ni wa mwenye mali, ila kwa vile watakavyopatana. Mnyama akifa, habari hazina budi kufika kwa mwenyewe pamoja na ushahidi, na katika jamii nyingi za wafugaji ngozi ilikuwa ushahidi huo. Haya huelezwa mara kwa mara. Lisiloelezwa sana ni upande wa pili: kwamba mwenye mali naye amejizuia. Ng'ombe ni wake, kila mtu ajua ni wake, lakini haingii asubuhi katika zizi la mwenzake akamfungua mnyama anayekamuliwa, pasipo neno na pasipo kungoja. Milki yake haikupungua hata kidogo; kilichopungua ni uhuru wa mkono wake. Kwa kibaba cha uwele hakuna shughuli zote hizi, maana uwele hukopwa ukalipwa. Na ijapokuwa Singida yasifika mpaka Dar es Salaam kwa kuku wake wa kienyeji, ni vigumu kufikiri wazee wawili wakiketi na mashahidi kwa ajili ya kuku mmoja.

Mfano wa ng'ombe haulingani na kompyuta kwa kila jambo, na yafaa ionekane wapi wanaachana, kwa maana hapo ndipo pana fundisho. Katika amana ya desturi hofu yote iko upande wa mtunzaji. Yeye ndiye aliye mbali na macho. Yeye ndiye awezaye kuchinja akasema fisi amekula. Kwa hiyo sheria na methali zote humwelekea yeye. Katika kupeleka data bila nakala hofu imegeuka upande. Mali haikutoka nyumbani. Ukurasa uko pale pale ulipokuwa, programu ingali na kalamu mkononi, na hakuna ukuta unaoizuia kuandika. Mtoaji ndiye awezaye kufanya hiana.

Tena aweza kuifanya pasipo kukusudia. Kazi ya kiini haimaliziki pakiti inapotoka katika kadi. Kwa kanuni za TCP, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya mtandao, kilichopelekwa hakina budi kuhifadhiwa mpaka mpokeaji ajibu kuwa kimefika. Kikipotea njiani, hupelekwa tena. Kama kuna nakala, hupelekwa tena ile nakala. Kama hakuna, huchotwa tena kutoka katika ukurasa ule ule wa programu. Basi programu ikiandika neno jipya katika ukurasa huo baada ya safari ya kwanza na kabla ya safari ya pili, pakiti moja yenye namba moja itakuwa imesema maneno mawili yanayopingana. Lililo baya zaidi ni kwamba muhuri hautavunjika. Hesabu ya kuhakikisha kuwa data haikuharibika, mara nyingi sasa, hufanywa na kadi yenyewe wakati data inatoka; itathibitisha chochote kitakachotoka. Kiini hakitadhurika, kwa kuwa anwani na vichwa vya pakiti hukiandika chenyewe katika kumbukumbu yake. Atakayedhurika ni mpokeaji aliye mbali, aliyepata barua yenye muhuri mzima na maneno yaliyovurugika, naye hakuwapo mapatano yalipofanywa.

Jambo hili lataka kutafakariwa polepole. Kuandika katika daftari lako mwenyewe ni haki iliyo wazi kuliko haki nyingi. Chini ya desturi ya kunakili, hapana mtu awezaye kudhulumiwa kwa wewe kuandika katika daftari lako. Nakala ikiondolewa, tendo lile lile, kwa mkono ule ule, katika karatasi ile ile, limekuwa dhuluma kwa mtu wa tatu. Hakuna aliyebadilika tabia. Kilichobadilika ni kwamba kazi fulani ya mikono imeachwa, na mahali pake pameingia wajibu. Wengi husema kuwa kuacha kunakili ni kuokoa. Yaelekea ni sahihi zaidi kusema kuwa ni kubadili sarafu ya malipo. Kilichokuwa kikilipwa kwa jasho la prosesa sasa chalipwa kwa kujizuia kwa programu, na kujizuia nako ni gharama, ila haionekani katika vipimo vya kasi.

Juu ya nani alipe gharama hiyo, na alipe akijua au asijue, mafundi waligawanyika. Mwaka 2002 wajenzi wa FreeBSD waliingiza katika mfumo wao njia ya kupeleka bila nakala ambayo programu haikupaswa kujua habari zake. Programu hupeleka kama ilivyozoea. Kiini, kikiona ukurasa mzima waweza kushikwa, hukishika na kuutia alama ya siri. Programu ikijaribu kuuandika kabla ya safari kumalizika, prosesa husimama, kiini hufanya upesi ile nakala iliyokuwa imeahirishwa, na programu hupewa ukurasa mwingine pasipo kutambua kuwa imebadilishiwa. Ni ukarimu wa aina fulani. Mwenye nyumba mwenye nguvu amejitwika dhima yote, akamwacha mgeni katika raha ya kutokujua.

Ukarimu huo una wateteaji, na hoja yao si dhaifu. Wao husema kuwa mtu asiyejua dhima hawezi kuivunja. Kwamba programu nyingi ziliandikwa zamani na watu ambao hawapo tena kuzirekebisha. Kwamba ni uungwana kumpa mtu faida bila kumpa mashaka. Lakini iliposhuka katika matendo, raha ile haikuwa kamili. Kutia alama ukurasa na kuiondoa si kazi ya bure: katika mashine yenye prosesa nyingi kila moja hulazimika kuarifiwa kwamba hali ya ukurasa imebadilika, na mara nyingi arifa hizo zina gharama inayokaribia au kuipita ile ya kunakili. Ikiwa programu imeandika mapema, nakala hufanywa vilevile, na juu yake imelipwa gharama ya kusimamishwa. Kwa hiyo aliyetaka kupata faida alilazimika kujua: ajue kupanga maneno yake katika kurasa nzima, ajue kungoja kabla ya kuandika. Siri ilidai ijulikane ndipo ifae. Njia hiyo baadaye iliondolewa katika FreeBSD, wakati sendfile, iliyo wazi kwa anayeiita, ilibaki na kusitawi.

Mwaka 2017, katika toleo la 4.14 la Linux, ilikubaliwa njia ya pili, iliyoandikwa na Willem de Bruijn wa Google, nayo huitwa MSG_ZEROCOPY. Hiyo haifichi kitu. Programu hupaswa kutamka nia yake mara mbili: kwanza hukiambia kiini, katika kufungua mlango wa mawasiliano, kwamba itataka kuwekesha kurasa, kisha katika kila barua hutia alama kwamba hii ndiyo mojawapo. Tamko la kwanza lina sababu nzuri. Kuna programu za kale ambazo kwa uzembe zilikuwa zikipeleka alama zisizo na maana, na kiini kilikuwa kikizipuuza. Ingekuwa dhuluma kuigeuza alama iliyoandikwa bila kukusudia kuwa mkataba. Baada ya tamko, hakuna alama ya siri wala ulinzi. Programu ikiandika mapema, imejiharibia yenyewe. Badala ya ulinzi kuna habari: kila barua hupewa namba, na kurasa zake zikiachwa, kiini hutoa taarifa kuwa namba hii mpaka namba hii zimekwisha, chukueni kurasa zenu. (Taarifa hiyo ya heri, kwa sababu za ujenzi, hupitishwa katika foleni iliyowekwa kwa ajili ya makosa. Mwenye kusahau kuichungulia foleni ya makosa hatajua kamwe kuwa mali yake imerudi.)

Ukitazamwa kwa vipimo vya adabu ya kawaida, utaratibu wa pili ni mgumu zaidi kwa anayeutumia. Walakini una jambo ambalo la kwanza halina: hakuna anayebeba dhima asiyoitamka. Mzee anayempelekea mwenzake ng'ombe haachi mnyama zizini usiku ili asubuhi mtu ajikute mtunzaji. Hata kama nia ni njema, na hata kama mwenye mali ameazimia kufidia kila hasara kwa siri, amemwondolea mwenzake kitu, nacho ni nafasi ya kusema, siwezi. Katika hili Linux ya mwaka 2017 imekaribia desturi ya wafugaji kuliko ilivyokaribia FreeBSD ya mwaka 2002, ijapokuwa hapana shaka kuwa waandishi wake hawakuwa wakiwafikiria wafugaji.

Hatari ya upande wa mtunzaji nayo haikutoweka. Mwezi Machi 2022 Max Kellermann alitangaza kosa alilolipa jina la Dirty Pipe. Alikuwa amechunguza kwa muda faili zilizobanwa za seva ambazo ziliharibika mwishoni mwake, pasipo sababu kuonekana. Katika Linux kuna njia ya kupitisha ukurasa wa faili katika bomba la data bila kuunakili: bomba hupewa rejeo tu la ukurasa ule, kwa ajili ya kusomwa. Lakini kila nafasi katika bomba ina alama zake, na moja ya alama hizo husema kuwa ukurasa uliomo waweza kuongezewa maandishi. Kiini kilisahau kuifuta alama iliyosalia kutoka kwa mgeni aliyetangulia. Ukurasa ulioazimwa kusomwa ukakuta katika chumba chake ruhusa ya kuandikwa, ruhusa ambayo haikuwa yake. Tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 mtu asiye na cheo chochote katika mashine aliweza kwa njia hiyo kubadili faili aliloruhusiwa kulisoma tu. Dawa ilikuwa ni kuifuta alama wakati wa kupokea. Lau kungekuwa na nakala, alama ile iliyosahauliwa ingeharibu nakala, na asili ingekaa salama katika zizi lake.

Si haki, basi, kuidharau nakala kama kazi ya wajinga. Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu yao ya kuiheshimu. Tenzi za kale zimefika kwa sababu watu kama Muhammadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, walikaa na kalamu wakaandika upya yaliyokwisha kuandikwa. Hati iliyokuwa moja tu, ikaazimwa kutoka nyumba hadi nyumba, ililiwa na mchwa. Ni kweli kuwa mnakili hukosea, na wahariri hutoana jasho juu ya beti mbili zisizopatana; lakini kosa la mnakili hubaki katika nakala yake. Huko Manyoni pana mfano mwingine. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Tawi la kwenda Singida lina upana huo huo, na kwa hiyo behewa laweza kupinda Manyoni likaendelea na mzigo wake bila kufunguliwa. Reli mpya inayojengwa kupitia Makutupora ina upana wa milimita 1,435. Mzigo utakaotoka reli moja kwenda nyingine hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Mwenye haraka ataona hasara tu katika kushusha. Lakini penye kushusha ndipo gunia huhesabiwa, ndipo lililolowa huonekana, na ubovu wa behewa la reli moja haupandi reli ya pili.

Hata waandishi wa njia ya Linux hawakudai kuwa amana yafaa kwa kila kitu. Maelezo yao wenyewe husema kuwa faida huanza kuonekana barua ikizidi kiasi cha kilobaiti 10 hivi. Chini ya hapo, kuzishika kurasa, kuhesabu namba, kungoja taarifa na kuisoma ni kazi kubwa kuliko ile ya kunakili maneno machache. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu katika mashine nyingi una baiti 4,096. Kumwekesha mtu ukurasa mzima kwa ajili ya salamu ya baiti 60 ni sawa na wale wazee na mashahidi wao juu ya kuku mmoja. Kwa vitu vidogo watu hupeana, wakasahau, na usahaulifu huo ni starehe ambayo ufundi wa kasi hauna sababu ya kuivunja.

Yako mambo mengine mawili katika utaratibu huo, nayo yanaonyesha kuwa walioujenga waliuona uzito wa kushika mali ya mtu. La kwanza lahusu barua ambayo haitoki nje, bali yapelekwa kwa programu nyingine katika mashine ile ile. Mpokeaji wa namna hiyo aweza kulala asiisome barua kwa siku nzima, na hakuna kadi wala jibu la mbali litakalomaliza safari. Kurasa za mwenyewe zingeshikwa bila kikomo. Basi kiini, hata kama kiliombwa kisinakili, hapo hunakili, kikaziacha kurasa. Amana isiyo na siku ya kurudi haikubaliki kwake.

La pili ni kwamba mara nyingine, kwa sababu za chombo au za njia, kiini hushindwa kutimiza kilichoombwa, kikalazimika kunakili kimya katikati ya safari. Barua imefika salama, programu haikudhurika, na hapana ambaye angejua. Lakini taarifa ya kurudisha kurasa inapokuja huwa na alama ndogo inayosema kuwa safari hii nilinakili. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huisoma alama hiyo, na katika barua zinazofuata kwa njia ile huacha kuwekesha, ikarudia kupeleka kwa desturi ya zamani.